Shughuli Nyingi na Moyo Mkunjufu

Mhadhara uliotolewa Tukuyu mbele ya walimu, wakulima na watumishi



Nimeombwa kusema juu ya furaha, na mtu aliyeombwa jambo kama hili hana budi kutanguliza tahadhari mbili. Ya kwanza ni kwamba wahubiri wa furaha wamekuwa wengi, na aghalabu mahubiri yao humtaka msikilizaji abadili fikra zake tu na kuyaacha mambo mengine yote kama yalivyo, kana kwamba ada ya shule hulipwa kwa tabasamu. Ya pili ni kwamba mbele yangu wameketi watu ambao macho yao yananitazama ilhali nyoyo zao ziko kwingine: mmoja anawaza majani ya chai yaliyochumwa asubuhi na gari la kiwanda halijafika, mwingine anawaza rejesho la kikoba, na wa tatu ana simu mfukoni inayotetema kwa kundi la michango ya harusi ya mtu asiyemjua sawasawa. Siwalaumu hata kidogo. Wao ndio mada yangu ya leo.

Hoja yangu ni moja, nami naitaja mapema ili mweze kuipima kadiri nitakavyokwenda. Nasema kwamba wingi wa kazi hauiui furaha kwa kuuchosha mwili, kwani mwili uliochoka hulala ukaamka na nguvu mpya. Huiua kwa kututenga na wenzetu, na kwa kutunyima wasaa wa kuvitoa vinyongo vilivyotukaa rohoni. Nasema tena kwamba nchi hii ya Rungwe iliyajua mambo hayo mawili kwa kina ambacho miji mingi mikubwa haijakifikia, na iliyaweka kuwa ada ya watu wote, isiyongoja hiari ya mtu mmoja wala nafasi yake.

Tuanze na shughuli yenyewe, maana si adabu kuitaja taabu ya watu kwa mbali. Chukueni chai, zao lililovifunika kwa kijani vilima vya Katumba na Mwakaleli. Mchumaji huingia shambani umande haujakauka, na katika nchi inayopata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka ni siku chache ambazo umande hukauka. Amejifunga kipande cha plastiki kiunoni ili matawi yasimlowanishe, kikapu ki mgongoni, na mikono yake miwili inapita juu ya vichaka ikivunja chipukizi na majani mawili, chipukizi na majani mawili, kwa kuwa jani lililokomaa hushusha daraja la chai. Jani likishachumwa huanza kupata moto ndani ya kikapu, na likikawia huwa jekundu likapoteza thamani. Kwa hiyo yote yaliyochumwa sharti yafike kwenye banda la kupimia, na kutoka hapo kiwandani, siku ile ile, na gari likikwama kwenye utelezi, mwenye majani hukaa bandani mpaka giza liingie, akililinda jasho lake. Baada ya wiki moja au mbili kichaka kile kile kimechipua tena, nacho kinadai.

Mfugaji naye ana ng'ombe wasiojua Jumapili wala sikukuu, ambao alfajiri na jioni hungoja mkono wa kuwakamua. Mwenye migomba humsubiri mwenye lori la kwenda Dar es Salaam. Mwenye parachichi humsubiri mnunuzi anayepima tunda kwa ukubwa na kulikataa kwa doa. Na mwalimu, ambaye wengi humdhania amestarehe, hurudi nyumbani na madaftari ya kusahihisha, akawakuta watoto wake mwenyewe wanamhitaji, na shamba linamhitaji, na mshahara umekwisha kukatwa mkopo kabla hajauona.

Hata hivyo tusidanganyane kwamba babu zetu walikuwa wamelala. Mwaka 1879 msafiri Joseph Thomson alipofika kaskazini ya Ziwa Nyasa, alistaajabia uzuri wa migomba na usafi wa nyua za Wanyakyusa, wenyeji wa nchi hii. Na ninyi mnaojua ufagio na jembe mnafahamu kwamba usafi wa namna ile haushuki na mvua, bali hufanyiwa kazi. Baadaye, katika miaka ya 1920 na 1930, vijana wa hapa walikwenda kwa miguu hadi Lupa, huko Chunya, kuchimba dhahabu, na wengine wakavuka mpaka kwenda kwenye machimbo ya shaba. Jasho, basi, si jambo jipya katika Rungwe. Lililo jipya ni kwamba shughuli za leo hazina mwisho wa siku, kwa maana zinamfuata mtu kitandani kwa njia ya simu, na ya kwamba kila mtu anabeba za kwake peke yake, akimwonea haya jirani kumwambia kuwa zimemwelemea. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake mpya ya maradhi, liliutaja uchovu utokanao na mfadhaiko sugu wa kazini, likasema kuwa ni hali ya kikazi na wala si ugonjwa. Na katika dalili zake mojawapo ni mtu kujitenga na kazi yake moyoni na kuidharau. Mtu wa namna hiyo hutoka nyumbani kila siku na hufika kazini kila siku, lakini moyo wake haufiki.

Wahenga wa mataifa mengine waliwahi kukutana na jambo hili. Imamu Abu Hamid al-Ghazali alikuwa mwalimu mkuu wa chuo cha Nidhamiya huko Baghdadi, akifundisha wanafunzi 300 kwa maelezo yake mwenyewe, mwenye cheo, mali na sifa zilizoenea. Mwaka 1095, baada ya miezi takriban sita ya kuvutwa huku na huku baina ya cheo chake na wito wa roho yake, ulimi wake ulifungwa kabisa: alisimama kufundisha na neno lisitoke, chakula kikawa hakipiti kooni, na waganga wakakiri kwamba ugonjwa uko moyoni, na hauna dawa ila moyo wenyewe upate utulivu. Akagawa mali yake, akawabakizia watu wake ya kuwatosha, akatoka kwenda Sham, akakaa miaka mingi katika faragha na ibada. Nami namheshimu mtu aliyekuwa na ujasiri huo; lakini nikiwaambieni wachumaji wa chai wa Katumba mfanye kama yeye nitakuwa nimewadhihaki, kwani hamna mali ya kugawa, na kichaka hakitawangoja mrudi kutoka Sham. Tena kuna sehemu ya kisa ambayo wanaokisimulia huipita upesi: mwaka 1106 imamu alirudi kufundisha, huko Nishapuri. Faragha ilimponya, lakini hakuifanya makao ya kudumu; mtu mkubwa kama yule alirejea kwa watu.

Ndipo nataka tuitazame nchi hii yenyewe. Kati ya mwaka 1934 na 1938 waliishi hapa wataalamu wawili wa mila za watu, Godfrey Wilson, Mwingereza, na mkewe Monica, mzaliwa wa Afrika Kusini, wakajifunza lugha, wakaketi na wazee, na wakaandika waliyoyaona. Bwana Wilson alifariki mwaka 1944. Bibi akaendelea na kazi ya kuyaandika, na mwaka 1951 kilichapishwa kitabu chake juu ya vijiji vya marika vya Wanyakyusa, ambacho jina lake lenyewe kwa Kiingereza linataja uzuri wa kuwa pamoja na wenzio. Wazee walio hapa watanisahihisha nikikosea, lakini mambo yalikuwa hivi. Mvulana alipofika umri wa miaka 10 au 11 aliondoka katika nyumba ya baba yake, akaenda kujenga kibanda pembezoni pamoja na marika wake. Walilala huko, lakini walikula kwa mama zao, tena kwa kupokezana, kundi zima likaenda leo kwa mama wa huyu na kesho kwa mama wa yule, hata ikawa kila mama amewalisha wana wa wenzake na hakuna mtoto aliyekula kwake peke yake. Walipooa waliwaleta wake zao papo hapo, na kijiji cha wavulana kikawa kijiji cha watu wazima, wenye umri mmoja, waliokua pamoja na watakaozeeka pamoja. Na mara moja katika kila kizazi, yaani takriban kila miaka 30, ilifanyika ile sherehe kubwa ya ubusoka, ambapo baba waliwakabidhi wana utawala wa nchi.

Lengo la mpango huu wote lilikuwa ukwangala, yaani kuketi na wenzio kwa raha: kuongea, kula, kunywa pombe ya ulezi kwa mirija katika chungu kimoja, kucheka na kusaidiana. Mtaona kuwa hawakuufanya kuwa starehe ya baada ya kazi. Waliuhesabu kuwa chuo, maana walisema kwamba mtu hupata akili na adabu kwa kuongea na rika lake, na mwenye kukaa kimya daima mbele ya wenzake au kula kwake kwa siri alishukiwa kuwa na kiburi au na jambo baya zaidi. Na kwa kuwa ulikuwa chuo, uliwekewa mahali pake na saa zake, kama vile sisi tulivyoliwekea darasa kengele. Hapana aliyesema, nitaketi na wenzangu nikipata nafasi. Nafasi ilikwisha kutengwa tangu alipokuwa mtoto.

Jambo la pili lilikuwa namna yao ya kushughulika na hasira. Wazee waliamini kwamba mnong'ono wa majirani waliokasirika, ile pumzi ya watu, humshukia mkosaji kama baridi na kumtia homa. Na waliamini vilevile kwamba matambiko hayafai kitu maadamu walioyahudhuria wameficha vinyongo vifuani. Kwa hiyo, kabla ya tambiko, ndugu na majirani walitakiwa kusema waziwazi: wewe ulininyima nyama siku ile, wewe hukuja kwenye msiba wangu, wewe uliniahidi ng'ombe na mpaka leo simwoni. Kila mmoja akiisha kusema, waliyatema maji nje kwa mdomo, kuonyesha kwamba hasira imetoka. Sikuja kuwatetea wala kuwapinga katika itikadi ya pumzi. Nasema tu kwamba walilijua jambo ambalo ofisi nyingi za leo hazilijui, kwamba kinyongo ni kama jani la chai kapuni, kikikawia hupata moto chenyewe, hata kama hakuna aliyekiwasha.

Mnataka ithibati ya tatu? Tazameni mazishi, ambayo Godfrey Wilson aliyaandikia mwaka 1939. Ngoma zilipigwa, wanaume wakacheza na mikuki yao karibu na kaburi bichi, vijana wakachekeana na wasichana, na mgeni asiyejua akadhani kwamba watu hawa hawana huzuni. Kumbe ilikuwa kinyume chake: huzuni ilipewa nafasi yake kwanza katika kilio cha wanawake, kisha jamii nzima ikamshika mfiwa mkono ikamtoa katika jitimai hatua kwa hatua, mpaka akarudia kula, kusema na kucheka. Hakuachiwa ajifariji mwenyewe chumbani. Hata leo hapa Tukuyu, mtu akifiwa, hulala na watu uani mwake, nanyi mnajua faraja iliyomo katika kuona majirani wamekaa tu wakiongea mambo ya viazi na mvua.

Ni sadifa ya ajabu kwamba mwaka 1938, Godfrey Wilson alipokuwa ameiacha Rungwe kwenda kuongoza taasisi ya utafiti huko Rhodesia ya Kaskazini, katika chuo kikuu cha Harvard, Marekani, walianza kuwafuatilia vijana 268 wa chuo, na baadaye wakaunganishwa na wengine 456 kutoka mitaa ya kimaskini ya Boston, ili kujua nini humfanya mtu aishi vyema. Kazi hiyo imeendelea kwa zaidi ya miaka 80, madaktari wakipokezana. Walipima damu, wakauliza mishahara, wakazungumza na wake na watoto; na jawabu lililojitokeza ni kwamba wale ambao katika umri wa miaka 50 walikuwa wameridhika zaidi na uhusiano wao na watu wao, ndio waliokuwa na afya zaidi walipofika miaka 80. Fedha na sifa hazikufua dafu mbele ya hilo.

Hata hivyo, mabibi na mabwana, mhadhiri anayesifu ya kale bila kuyakagua ni mchuuzi. Raha ile ya kijiji cha marika ilikuwa na kasoro tatu, nazo hazifai kufichwa. Ya kwanza, ilikuwa raha ya wanaume. Mama ndiye aliyepika kile chakula kilicholiwa na kundi, na hapana kundi lililompikia yeye. Na mpaka leo mwanamke wa Rungwe achumaye chai asubuhi, akakamua jioni na kupika usiku, akiketi nusu saa na mwenzake huambiwa kuwa ni mvivu na mmbeya. Ya pili, ukaribu ule ulikuja na hofu yake, maana mtu aliyefanikiwa kidogo kuliko wenziwe aliogopa husuda na shutuma za uchawi, na karamu nyingine zilifanywa kwa woga kuliko kwa ukarimu. Ya tatu, ardhi ilipopungua na vijana walipoanza kwenda mbali kutafuta fedha, vijiji vile vilififia, navyo havirudi. Wala sikuja kuwaambieni mjenge vibanda pembezoni mwa Tukuyu.

Nina neno jingine la tahadhari, nalo ni zito zaidi. Wapo wanaomhubiria mkulima kuridhika ili asiulize bei. Kuridhika kwa namna hiyo ni usingizi uliotiwa dawa. Mchumaji aliyekaa bandani hadi usiku kwa sababu gari halikuja hahitaji mawaidha ya subira. Anahitaji gari, na barabara inayopitika, na mizani iliyo sawa. Lakini angalieni hili: watu waliozoea kuketi pamoja ndio wawezao kuyadai hayo kwa sauti moja, ilhali watu waliotengana, kila mmoja na wahka wake, huishia kunung'unika njiani. Moyo mkunjufu na kudai haki havigombani. Vyote viwili huzaliwa barazani.

Basi tufanye nini? Nitasema mambo matatu, nayo ni madogo makusudi, kwa sababu mtu mwenye shughuli nyingi ukimwongezea maazimio makubwa umemwongezea mzigo.

La kwanza, kikao kipewe siku na saa. Kwaya ya Wamoravian, ambao walifungua kituo chao Rungwe mwaka 1891, haikusanyiki mtu akipata nafasi. Hukusanyika siku ya mazoezi. Kikoba hakikutani ikitokea. Na tuyatumie makundi haya tuliyo nayo: baada ya fedha kuhesabiwa na daftari kufungwa, wanachama wabaki saa moja, simu zikiwa zimezimwa, wasiwe na ajenda yoyote. Na siku ya akina mama ikifika, baba apike na awaangalie watoto. Asipojua kupika, ndizi zitamfundisha.

La pili, kinyongo kisemwe kikiwa kidogo. Nyumbani, kazini, katika chama cha ushirika, pawe na mtu wa tatu mwenye busara na asiye na inda, ambaye mbele yake mtu anaweza kusema: jambo lile la juzi limenikaa. Chumba cha walimu ambamo hasemwi mtu kwa kinywa lakini husemwa kwa macho, huchosha kuliko madaftari mia.

La tatu, na hili ndilo naliona kuwa jipya kidogo, kiasi kipangwe na wengi. Tumezoea kumwambia mtu mmoja mmoja atosheke na alicho nacho, na methali zetu zinamwonya kwamba mtaka yote hukosa yote. Lakini mtu mmoja hawezi kutosheka katikati ya kundi lisilotosheka. Mwalimu anayechangia harusi kwa fedha za kukopa anajua vizuri kwamba zimemzidi. Anachoogopa ni kuitwa bahili, na uoga huo haukosi sababu. Akikataa peke yake ataaibika; wakikubaliana watu wa mtaa mzima kwamba mchango wa harusi hautapita kiwango fulani, na kwamba karamu itakuwa ya ndizi na maharage na nyama kidogo, wote wamepumua kwa siku moja. Mzazi akikataa peke yake sare ya gharama atamdhalilisha mwanawe. Wakikataa wazazi wote, hapana aliyedhalilika. Ndiyo maana nilisema tangu mwanzo kwamba furaha si kazi ya moyo wa mtu pekee. Kuridhika ni makubaliano, na makubaliano hayafikiwi na watu wasioonana.

Kwa hiyo sitawaombeni muende nyumbani mkayatafakari haya kila mtu peke yake, kwani nitakuwa nimeivunja hoja yangu kwa mkono wangu. Mheshimiwa Mwenyekiti ametutengea saa moja nzima baada ya mhadhara. Naomba meza hii iondolewe, viti vigeuzwe vitazamane, na msemaji wa kwanza awe mmoja wa akina mama wachumao chai, atuambie kiwango cha mchango wa harusi ambacho kwake yeye ni halali. Kisha wengine wafuate, na katibu aandike yatakayokubaliwa.